Msitu wa Amani hauna simba

Waambie watoto wa Muheza wabuni filamu ya katuni inayotokea msituni, na kabla hujamaliza sentensi wameshamkalisha simba kwenye kiti cha enzi. Nyuma yake watakuja fisi mlafi, sungura mjanja, twiga mwenye huruma na tembo mzee mwenye hekima. Wote watazungumza chini ya miti mirefu yenye mitambaazi na ukungu. Miti ni ya Amani, wanyama ni wa Serengeti, na lafudhi, nisiwafiche, ni ya televisheni. Twiga akiingia katika msitu ule shingo itanasa kabla hajasema shikamoo.

Nilifundisha baiolojia katika sekondari za wilaya hii hadi nilipostaafu, na sasa nalea klabu ya wanafunzi wanaotengeneza filamu fupi za katuni kwa simu zao na kompyuta moja ya kuazima. Sina ugomvi na simba. Ugomvi wangu ni mpangilio wa kazi. Mwandishi huketi, akabuni kisa chote, akagawa tabia: huyu mwema, huyu mlafi, huyu mpumbavu. Ndipo anapomtuma mchoraji aingie kwenye intaneti aangalie manyoya yana rangi gani. Huo ndio wanaouita utafiti. Kwangu ni kumtafutia nguo mtu aliyekwisha kuumbwa. Mnyama achunguzwe kwanza, hadithi ifuate, na mnyama akiikataa hadithi, hadithi ndiyo ivunjwe.

Nitatoa mfano wa hondohondo, kwa kuwa ndiye aliyetusumbua zaidi. Hondohondo wa Amani ni ndege mkubwa, mweusi, mwenye mashavu ya rangi ya fedha, na dume lake lina pembe nene yenye weupe wa maziwa juu ya mdomo. Ukiwa chini ya miti mara nyingi humwoni, lakini mabawa yake unayasikia yakivuma, na kelele zake zinafika bonde la pili. Binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa amemwandika kuwa mmbeya wa msitu: mama mwenye sauti kubwa anayehamisha habari za uongo kutoka mti hadi mti. Mswada ulichekesha. Wenzake waliupigia makofi, na mimi nilicheka mpaka nikafuta miwani.

Kisha tukapanda Amani. Yuko mzee mmoja anayetuongoza kule, mtu wa maneno machache, ambaye amekuwa akitembea msituni tangu wengi wetu hatujazaliwa. Wanafunzi wakamsalimu.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba wajukuu zangu. Leo mmekuja kumwangalia nani?”

Binti akamsimulia juu ya mmbeya wake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza: “Huyo unayemsikia juu hapo ni dume. Mkewe unajua yuko wapi?”

Mkewe alikuwa ndani ya mti. Jike la hondohondo huingia katika tundu la mti mkubwa, na mlango wa tundu huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Udongo huletwa na dume. Huumeza, akaufinyanga vidonge kooni, akampa jike, naye jike ndiye anayepaka akiwa ndani. Mama huyo hukaa gizani zaidi ya miezi mitatu akitaga, akiatamia na kulea, na hatoki mpaka kinda awe tayari kuruka. Muda wote huo chakula ni cha kuletewa. Dume hufika koo likiwa limejaa matunda, akayatema moja moja na kuyapitisha kwenye ufa, akaenda, akarudi. Kwa msimu mmoja wa kuzaa hubeba matunda kwa maelfu. Wanafunzi walikaa chini ya mti ule shingo zikiwauma, wakimwona akija na kuondoka, na hakuna aliyetoa simu kucheza mchezo wowote. Kwa mwalimu wa siku hizi hilo peke yake ni habari ya kupeleka gazetini.

Mambo haya hayakuhitaji kutafutwa mbali, maana yalichunguzwa na kuandikwa hapohapo. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902. Mwingereza Reginald Moreau alifika kufanya kazi hapo mwaka 1928, na mwaka 1941 yeye na mkewe Winifred walichapisha makala juu ya uzazi wa hondohondo huyuhuyu. Nyuma ya kazi zake za ndege walikuwapo Waafrika waliojua miti, milio na viota, akiwamo Salimu Asmani, ambaye wanahistoria wameanza kumrudishia nafasi yake. Wanafunzi wetu wanasoma kilomita chache kutoka mahali elimu hiyo ilipozaliwa, halafu wanaandika kwamba hondohondo ni mmbeya.

Binti aliurarua mswada. Sikumwambia aurarue. Katika hadithi yake mpya mama yuko gizani na kinda, na saa yao ni mvumo wa mabawa ya baba. Wakiusikia, wanakula. Siku moja hawausikii. Mtazamaji anabaki ndani ya tundu pamoja nao, hajui kama baba amenaswa, amekamatwa na tai, au mkuyu aliokuwa akiutegemea umekatwa. Filamu nzima inaonekana kupitia ufa. Kwa mchoraji mchanga asiye na kompyuta ya maana hiyo ni baraka, kwa sababu sehemu kubwa ya picha ni nyeusi! Sauti ya mabawa waliirekodi wenyewe msituni. Hakuna mwandishi ambaye angekaa mezani akabuni ndoa ya namna hiyo. Angeambiwa ametia chumvi.

Hondohondo huyo akatupa na jambo lingine, gumu zaidi. Mbegu za matunda anayokula anazitawanya msitu mzima, na kwa hiyo yeye ni mmoja wa wapandaji wakubwa wa miti ya Usambara. Vizuri, shujaa wa mazingira amepatikana. Lakini kuna mti uitwao Maesopsis, ambao si mwenyeji wa Usambara. Uliletwa enzi za ukoloni, ukapata nafasi pale miti ya asili ilipokatwa, ukasambaa na kuwa kero kwa wahifadhi. Aliyeusaidia kusambaa ni nani? Ni hondohondo, baba yuleyule mwema, kwa matunda yaleyale anayowapelekea mkewe na kinda. Mwanafunzi wa miaka kumi na minne akikutana na mhusika anayefanya ubaya kwa kufanya wema, amepata somo la fasihi ambalo sisi tulilikuta chuoni.

Nimekwisha kuambiwa kwamba watengenezaji wakubwa wa filamu nao hufanya utafiti, kwa hiyo nisijifanye nimegundua moto. Ni kweli. Wachoraji wa Tarzan ya mwaka 1999 walisafiri hadi Bwindi nchini Uganda kuwaona sokwe wa milimani kwa macho yao, na katika filamu ile sokwe hutembea kwa vifundo vya vidole na uzito wao unaonekana. Kazi safi. Tazama sasa The Lion King ya mwaka 1994. Wachoraji walikwenda Chuo Kikuu cha Berkeley, California, ambako fisi walikuwa wakifugwa kwa ajili ya utafiti, wakawachora wakitembea, wakikaa, wakicheka. Miili waliipata. Hata kwamba jike ndiye mkubwa miongoni mwa fisi walilichukua, wakampa fisi jike, Shenzi, uongozi wa fisi watatu wa filamu ile. Hadithi lakini haikusogea hata hatua moja: fisi walibaki waoga, wezi na wapumbavu. Wakati huo Hans Kruuk, aliyewafuatilia fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, alikuwa ameshaonyesha kwenye kitabu chake cha mwaka 1972 kwamba fisi ni mwindaji hodari, na kwamba kule Ngorongoro mara nyingi simba ndiye anayekula mawindo ya fisi. Filamu iliwachunguza fisi, ikakataa walichoiambia.

Katika filamu hiyohiyo yumo Rafiki, mganga mwenye uso wa rangi. Uso ule ni wa mandrili. Mandrili ni mnyama wa misitu ya mvua ya Gabon, Kameruni na majirani zao. Kwenye mbuga za Afrika Mashariki hayupo hata mmoja. Nawatajia wanafunzi jambo hilo ili wajue kwamba hata kwenye bajeti kubwa mtu anaweza kukosa wa kumuuliza swali dogo.

Wa tatu ni mfalme Julien, lemuri wa filamu ya Madagascar, ya mwaka 2005. Lemuri wenye mikia ya pete hawatawaliwi na mfalme. Majike ndio wenye amri. Hata kwenye chakula dume husogea pembeni. Madume hushindana kwa harufu: hupaka mikia yao ute wa tezi za mikononi, kisha wakaipunga mbele ya mpinzani mpaka mmoja akubali kuondoka. Nilipowasimulia wanafunzi vita vya mikia inayonuka, darasa lilivunjika kwa kicheko. Mtu aliyekuwa anatafuta vichekesho alivipita njiani, akaenda kubuni mfalme anayecheza muziki. Alipata fedha nyingi, sikatai.

Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, ambaye namheshimu, hukasirika nikifika hapa. “Dada, wewe utatuulia hadithi zetu. Sungura na Fisi hawahusiani na baiolojia. Ni watu waliovaa ngozi.” Anasema kweli, na mimi sigusi ngano za bibi zetu. Bibi alipomsimulia mtoto habari za fisi, mtoto yule usiku alimsikia fisi mwenyewe akilia nyuma ya zizi. Alikuwa na wawili, wa ngano na wa porini, akawalinganisha. Mtoto wa leo wa Tanga mjini ana mmoja tu, wa kwenye kioo. Akimjua hondohondo kwa mara ya kwanza kupitia filamu, filamu hiyo ndiyo hondohondo wake. Kwa hiyo aliyemchora amebeba mzigo ambao bibi hakuwa nao.

Wala sidai kila kitu kiwe sahihi. Mnyama akishafungua mdomo akasema Kiswahili, uongo umeshaingia ndani, na tumeukaribisha wenyewe. Katika klabu tunakubaliana kwamba uongo tunaoruhusu ni lugha na mawazo. Chakula, makazi, familia, maadui na mwendo vinabaki vya kweli. Mtu akitaka kuvunja sharti mojawapo, ajieleze mbele ya wenzake kwa nini. Wapo waliojieleza vizuri tukawaruhusu.

Sheria hiyo imetuletea wahusika ambao sijawaona penginepo. Mbega walianza kama wavivu, maana hukaa tawini saa nyingi bila kufanya lolote. Kumbe wanakula majani magumu, na tumbo lao lenye vyumba linahitaji muda ili vijidudu viyachachushe. Mvivu akageuka kuwa mtu ambaye kazi yake haionekani kwa nje. Na mtoto wa mbega huzaliwa mweupe kabisa katika ukoo wenye manyoya meusi na mabega meupe, kisha majike wengine humpokezana mama yake akiwapo. Kwa mvulana mmoja aliyelelewa na shangazi watatu, hilo halikuhitaji maelezo.

Kima walitupa mazungumzo. Dume la kima lina mlio linaoutoa likimwona tai, na mlio mwingine linaoutumia zaidi kwa hatari ya chini, kama chui, na wenzake huangalia juu au chini kulingana na walichosikia. Kima wa aina hii wamechunguzwa kwa muda mrefu sana katika msitu wa Kakamega, Kenya, ambako Marina Cords amekuwa akiwafuatilia tangu mwaka 1979. Wanafunzi walitengeneza tukio ambalo kima kijana anakosea mlio, ukoo mzima unaangalia juu, na chui yuko chini. Hakuna neno hata moja la Kiswahili katika tukio hilo, na linaeleweka.

Kinyonga nitampita haraka, maana kila mtu anataka kumchora akiwa na mistari ya pundamilia. Habadiliki ili afanane na shuka la kitanda. Rangi yake hufuata zaidi joto, hasira na uchumba.

Sange ndiye nimpendaye. Ni mnyama mdogo wa sakafu ya msitu mwenye pua ndefu inayochezacheza, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba undugu wake uko karibu zaidi na tembo kuliko na panya. Dume na jike huishi kama mke na mume katika eneo moja, lakini kwa nadra utawaona wakitembea pamoja. Mgeni wa kike akiingia hufukuzwa na mke, wa kiume hufukuzwa na mume. Wanafunzi wawili wakaandika kisa cha ndoa hiyo ya watu wasioonana, yenye ucheshi mkavu ambao hata mimi sikuutarajia kutoka kwa watoto wa umri wao. Tuliipeleka filamu hiyo kwenye mashindano fulani. Waamuzi waliisifu kwa uchoraji, kisha wakashauri mhusika mkuu “abadilishwe awe mnyama anayejulikana zaidi, kwa mfano simba.”

Ushauri huo ndio ulionifanya niandike makala haya. Mnyama atajulikanaje kama sharti la kumwonyesha ni kwamba awe tayari anajulikana? Nchi hii ina chura wa Kihansi, mdogo wa kutosha kukaa juu ya ukucha wa dole gumba, ambaye hatagi mayai kama vyura wengine, bali huzaa watoto waliokamilika. Aliishi mahali pamoja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi huko Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yakapungua. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Lakini baadhi yao walikuwa wamepelekwa Marekani mapema na kulelewa katika bustani za wanyama, na mwaka 2012 kizazi chao kilianza kurudishwa korongoni, ambako mabomba yamewekwa kunyunyiza maji badala ya maporomoko. Kisa hicho kina safari ya kuvuka bahari, kifo, kurudi nyumbani, na swali la kweli lisilo na mtu mbaya, kwa kuwa umeme nao tunauhitaji. Filamu yake ya katuni kwa Kiswahili ningeipanga foleni kuiona.

Yuko pia kipunji, kima mwenye nywele zilizosimama kichwani, aliyetangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005. Mwaka uliofuata wanasayansi walimpa jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Watafiti walianza kumtafuta baada ya kusikia wawindaji wa mlima Rungwe wakimtaja kwa jina. Wawindaji walikuwa wakimjua siku zote. Kwa hiyo ninapowaambia wanafunzi wafanye utafiti, vitabu na video ni nusu ya kazi. Nusu ya pili wamejaa nayo vijijini: mkata kuni wa zamani, askari wa misitu, mama anayelima iliki pembeni mwa hifadhi, mzee aliyewahi kutega. Wanafunzi huenda kwao na daftari na maswali ya kawaida kabisa. Analala wapi? Anamkimbia nani? Mtoto wake anafananaje? Ukimsikia analia hivi, wewe hufanya nini? Hilo la mwisho huleta majibu mazuri kuliko yote.

Walimu wenzangu wa Mang’ula, mnaye mangabi wa Sanje, ambaye nje ya Udzungwa hapatikani popote duniani. Walimu wa Tukuyu, kipunji ni wenu. Wa Unguja, kima punju wanavuka barabara pale Jozani mbele ya macho ya wanafunzi wenu. Wapelekeni watoto wakawaangalie kabla kalamu haijagusa karatasi.

Na ninyi mnaotengeneza vipindi vya watoto Dar es Salaam na Nairobi, ambao kazi zenu nyingine nazipenda na wajukuu zangu wanazikariri, tengeni fedha za siku kadhaa za msituni katika bajeti, na zitumike kabla ya mswada kuandikwa. Mkisharudi, jina la mzee aliyewaonyesha tundu la hondohondo liandikwe mwisho wa filamu pamoja na majina ya wachoraji, na ujira wake apewe siku ileile aliyowaongoza.